Maswali kwa Mama Fundi: Kabla ya Kuongeza Nguvu, Tafuta Iliyopotea

Mfuko wa barua wa mwezi huu umejaa magari ya spoti ya Kijapani: Impreza, Silvia, Altezza, Roadster, na RX-8 mbili ambazo wenyewe wana huzuni. Karibu kila mmoja ananiuliza afunge nini ili gari likimbie zaidi. Sijaona barua hata moja inayouliza gari limebakiwa na kiasi gani cha nguvu ya kiwandani, na mengi ya haya ni magari ya miaka ishirini na kitu. Basi majibu yangu yataelemea huko, mnisamehe. Barua ndefu nimezifupisha.

Shikamoo Mama Fundi. Nina Subaru Impreza WRX ya 2003, injini EJ20 ya tabo (pampu ya kusukumia hewa ndani ya injini), imetoka Japani moja kwa moja. Nimeshanunua kidhibiti cha kupandisha presha ya tabo, filta ya hewa ya wazi, na ile valvu ya kutoa upepo nje yenye mlio wa "pshhh". Nataka kufunga mwenyewe nyumbani. Kuna fundi kaniambia nipandishe mpaka baa 1.3, haina neno. Ila siku hizi gari inakula oili kidogo na inatoa moshi wa buluu. Nianze na kipi?

Marahaba mwanangu. Anza kwa kuvirudisha vyote vitatu kwenye maboksi yao. Jibu lako umeliandika mwenyewe mwishoni, pale ulipotaja oili na moshi kama jambo la pembeni.

Injini ya Subaru imelala, pistoni zake zinakwenda kushoto na kulia. Pafu moja la moshi asubuhi baada ya gari kulala usiku kucha halinitishi. Moshi unaoendelea injini ikiwa imepata moto, au unaotoka ukikanyaga mafuta baada ya kuteremka mlima mguu ukiwa juu, huo unataka kufuatiliwa. Oili inapita kwenye ringi za pistoni, au kwenye sili za valvu, au kwenye tabo lenyewe. Huwezi kupandisha presha kabla hujajua inapita wapi.

Azima au nunua kipimo cha kompresheni, yaani presha inayobanwa ndani ya silinda. Injini iwe na uvuguvugu, isiwe ya kuunguza. Toa betri na chupa ya maji ya vioo upande mmoja, boksi la filta upande wa pili, ndipo mkono utafika kwenye plagi. Kwenye gari hili zimebanwa kati ya hedi na chasisi, na utahitaji kiungio kifupi na kirefu ukibadilishana. Usitumie nguvu kwenye kona mbaya, kauri ya plagi inapasuka bila kelele na wewe utaitafuta misi (silinda kukosa moto) kwa wiki nzima. Toa plagi zote nne, zipange juu ya kitambaa kwa namba za silinda zake, kata petroli na moto wa koili, mtu akanyage pedali ya mafuta mpaka chini, kisha piga stata. Unachotafuta ni silinda zote zikaribiane. Tatu zikiwa sawa na moja ikawa chini kwa asilimia kumi na tano au zaidi, hapo pana ugonjwa.

Mafundi wengi watakwambia umwagie kijiko cha oili kwenye silinda dhaifu, upime tena, ukiona kipimo kimepanda ujue ni ringi. Ushauri huo ni mzuri kwa injini iliyosimama. Kwenye iliyolala, oili inatuama upande wa chini wa silinda na upande wa juu wa ringi unabaki mkavu, kwa hiyo jibu linakudanganya. Bora upeleke upepo wa kompresa ndani ya silinda pistoni ikiwa mwisho wa juu na valvu zimefungwa, halafu usikilize. Upepo ukivuma kwenye tundu la kuwekea oili, ni ringi. Kwenye bomba la ekzosi, ni valvu ya moshi. Kwenye mdomo wa hewa, ni valvu ya kuingizia. Rejeta ikitoa mapovu, gasketi ya hedi imekwisha.

Sasa rudi kwenye zile plagi ulizopanga. Ziangalie kwa tochi, na lenzi kama unayo. Kauri yenye rangi ya kahawia iliyofifia ni ya injini yenye afya. Nyeusi kavu yenye masizi inasema petroli imezidi. Nyeusi yenye unyevu wa kunata ni oili, na sasa unajua ni silinda ipi. Ninayoiogopa ni nyeupe yenye chembe ndogo ndogo zinazong'aa, kama aliyemwagiwa pilipili ya fedha. Chembe hizo ni aluminiamu ya pistoni yako. Mchanganyiko unalipuka wenyewe kabla ya zamu yake, na kila mlipuko unaondoka na kipande.

Hapo ndipo ile baa 1.3 inapoingia. Kompyuta ya gari lako ilipangwa kwa petroli ya Japani ya daraja la juu. Viwango vyao vinataka petroli ya kawaida iwe na oktani (uwezo wa kutolipuka kabla ya wakati) 89 au zaidi, na ya juu iwe 96 au zaidi; kwenye vituo vyao ile ya juu kwa kawaida hufika 100. Kama unajaza petroli ya oktani ndogo kuliko hiyo, tayari kompyuta inarudisha nyuma taiming ya moto ili kuilinda injini, yaani unaendesha gari lililopunguzwa nguvu bila kujua. Ukiongeza presha juu ya petroli hiyo hiyo, tabo dogo la kiwandani linasukuma hewa iliyochemka zaidi, mlipuko wa mapema unazidi, na pistoni za familia ya EJ zinajulikana duniani kote kwa kuvunjika kile kikuta chembamba kilicho kati ya ringi na ringi. Hapo mazungumzo yetu yatahusu injini nyingine.

Valvu ya "pshhh" nayo ina kisa chake. Subaru yako inapima hewa kwa sensa iliyo karibu na boksi la filta, kabla ya tabo. Hewa ikishapita hapo imehesabiwa, na kompyuta imeshaiandalia petroli yake. Valvu ya kiwandani ukiachia mafuta inairudisha hewa hiyo ndani ya mfumo. Ya kwako inaimwaga nje, petroli inaingia bila mwenzake, gari linajikwaa kati ya gia na gia na kutoa moshi mweusi. Mlio unaupata, nguvu huoni hata chembe. Yapo magari yanayopima presha ndani ya manifoldi (bomba la kugawia silinda hewa) badala ya hewa, kwa mfano Supra ya soko la Japani yenye 2JZ-GTE, hayo hayajali sana. Lako linajali.

Filta ya wazi ndiyo yenye hatia ndogo kuliko zote, ila isipokuwa na kizuizi cha joto inavuta hewa ya moto ya chini ya boneti, wakati boksi la kiwandani linavuta ya baridi kutoka nje. Na kama ni ile ya kupakwa oili, ukiipaka kwa ukarimu oili inahamia kwenye waya mwembamba wa sensa ya hewa.

Kazi ya wikiendi yako basi ni hii. Kagua hozi zote za hewa kati ya tabo na manifoldi. Tengeneza kizibo chenye valvu ya tairi, kifunge mdomoni mwa tabo, pampu presha ndogo tu, nyunyiza maji ya sabuni kwenye viungo. Mipira ya umri huo hupasuka upande wa chini usioonekana, na nimeona WRX zikirudishiwa uhai kwa klipu mbili na hozi moja, mwenyewe akidhani fundi kafunga kitu cha siri. Kisha mkanda wa taiming: unatakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, pamoja na kikazio, puli zake na pampu ya maji, kwa sababu injini hii mkanda ukikatika valvu na pistoni zinakutana. Magari ya Japani mara nyingi huwa na stika ya tarehe ya kubadilishia mkanda ndani ya boneti. Kama huioni, au kilomita za dashibodi huziamini, chukulia haujawahi kuguswa. Na oili, maadamu linaila, pima kila unapojaza petroli, gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa dakika kadhaa. Beringi za EJ hazisamehe kona kali oili ikiwa imeshuka.

Ukimaliza yote hayo na vipimo vikawa safi, ndipo uniandikie tena kuhusu presha. Tutazungumza juu ya sensa ya oksijeni aina ya waidibendi, ya kuonyesha uwiano halisi wa hewa na petroli. Ukitembea taratibu uwiano ni 14.7 kwa moja, lakini tabo likisukuma kwa nguvu unatakiwa ushuke mpaka kama 11 au 12. Na tutazungumza juu ya mtu mwenye ujuzi wa kupanga kompyuta, gari likiwa kwenye mashine ya kupimia nguvu. Barabarani kwa kukisia, hapana.

Mama Fundi, nina Nissan Silvia. Nimepewa nati za rimu za Toyota, nzuri za kung'aa. Zinaingia raundi mbili halafu zinakaza. Nizilazimishe na bomba refu?

Usithubutu! Zote ni milimita 12, ndiyo maana zinaonekana ndugu, lakini meno hayafanani. Toyota, Mazda, Honda na Mitsubishi kwa kawaida hutumia meno ya milimita 1.5. Nissan na Subaru hutumia 1.25. Ukilazimisha unakula meno ya stadi (bolti ya kushikia rimu), na siku utakayohitaji kubadilisha tairi usiku stadi itakatikia mkononi. Tafuta nati za 1.25, na hakikisha kikalio chake kinalingana na tundu la rimu: nyingi ni za umbo la pia (koni), lakini za Honda za kiwandani ni za mviringo. Kaza kwa spana ya kupimia, magari mengi ya ukubwa huu yanataka karibu Nm 100, kitabu cha gari kitakupa namba kamili. Baada ya kutembea kama kilomita 50 zipime tena.

Habari Mama Fundi. Nina Mazda Roadster ya 1996. Turubai nimebadilisha, ni jipya kabisa, lakini mvua ikinyesha zulia la nyuma ya viti linalowa, na sasa gari lote linanuka ukungu. Aliyefunga turubai anasema kazi yake haina kosa.

Huenda anasema kweli, dada yangu. Mimi natembelea gari hilo hilo na swali hili nalipenda kuliko maswali yote ya tabo.

Turubai la Roadster halikuundwa kuyafukuza maji yote. Maji yanayoteremka nyuma yake hupokelewa na mfereji wa mpira uliozunguka nyuma ya viti, yanapelekwa kwenye matundu mawili, moja kila kona, na kutoka chini ya gari karibu na tairi za nyuma. Matundu hayo yakiziba kwa majani, vumbi na nyuzi za turubai la zamani, maji hayana pa kwenda isipokuwa kwenye zulia. Na kubadilisha turubai ndiyo nafasi nzuri kabisa ya kuangushia uchafu humo ndani.

Fungua turubai nusu, ingiza kidole kwenye kona nyuma ya mkanda wa kiti, utahisi tundu. Kwanza vuta uchafu kwa mkono au kifyonza vumbi, usiusukume ndani. Halafu pitisha kitu laini kinachopinda, kwa mfano uzi mnene wa nailoni wa mashine ya kukatia nyasi, ukiuzungusha taratibu. Waya mgumu wa hanga weka mbali, unatoboa bomba, na bomba likitobolewa maji yanaingia ndani ya bodi ambako huyaoni tena. Mwaga kikombe cha maji na umwombe mtu aangalie chini. Yanatakiwa yatoke mara moja na kwa wingi. Yakidondoka tone tone, rudia.

Ukiwa hapo chini, gonga kwa mpini wa bisibisi bodi ya chini ya mlango, sehemu ya mbele ya tairi la nyuma. Mlio mkali wa bati, shukuru. Mlio uliofifia, au rangi iliyovimba, kutu imeshaanza kula kutoka ndani na fundi bodi anahitajika kabla ya msimu mwingine wa mvua. Fungua na buti pia. Betri ya gari hili inakaa humo, na ya asili ilikuwa aina iliyozibwa yenye vibomba vya kutolea hewa nje. Waliokutangulia wakiweka betri yoyote ile bila vibomba, mvuke wa asidi unakula sakafu ya buti. Inua zulia uangalie.

Zulia lenyewe litoe lote ukalianike. Chini yake kuna sponji inayoshika maji muda mrefu mno, huwezi kuikausha ikiwa ndani ya gari.

Fundi, skrubu za kushikilia disiki za breki kwenye Honda Integra yangu zimegoma, na bisibisi linateleza na kula kichwa. Nimeshanunua mabisibisi matatu.

Tatizo haliko kwenye ubora wa bisibisi. Skrubu za msalaba za magari ya Kijapani ya zamani zimekatwa kwa kiwango chao, JIS, na bisibisi la Phillips ncha yake haikai mpaka chini ya msalaba huo. Ukizungusha kwa nguvu linapanda juu na kusaga kingo. Nyingi zina kinukta kidogo kichwani, hiyo ndiyo alama. Bisibisi la JIS linakaa kwenye skrubu hata ukiachia mkono. Likipatikana nunua namba 2 na namba 3, utalitumia kwenye kifuniko cha chupa ya breki, kwenye sensa za mdomo wa hewa na kwingineko.

Kwa hizo za disiki zilizoshikwa na kutu, tumia bisibisi la kugonga kwa nyundo, ncha ya namba 3, baada ya dawa ya kulainisha kukaa usiku mzima. Kama kichwa kimeshaliwa, toboa kichwa tu kwa drili, disiki itatoka, kisha shika mabaki kwa koleo. Usihuzunike ukizikosa zote. Kazi yake ni kushikilia disiki rimu isipokuwepo. Rimu ikifungwa, nati ndizo zinazoshika.

Shikamoo. Toyota Altezza RS200. Nilifungua kalipa za mbele (vishikizi vya pedi za breki) nikazipaka rangi nyekundu, nikafunga pedi za mashindano. Tangu hapo pedali ya breki ni laini, inashuka sana, na nimetoa upepo mpaka nimemaliza chupa mbili. Masta silinda (pampu ya breki) imekufa?

Marahaba. Kabla ya kuilaumu masta silinda, piga magoti uangalie kile kiskrubu cha kutolea upepo kwenye kila kalipa. Kiko juu au kiko chini? Naweka dau kiko chini. Ulipomaliza kupaka rangi ulibadilishana ya kulia na ya kushoto. Zinafunga vizuri kabisa, hakuna kinachokuonya, lakini upepo unakaa juu na tundu la kuutoa liko chini yake. Ungemaliza hata debe zima la mafuta ya breki.

Rudisha kila moja upande wake na weka washa mpya za shaba pale hozi inapofungwa. Halafu toa upepo kwa utaratibu. Kwenye magari mengi unaanza na tairi iliyo mbali zaidi na masta silinda, lakini soma kitabu cha gari kwa sababu yenye ABS (mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge) wakati mwingine yana utaratibu wake. Mwenzako anakanyaga na kushikilia, wewe unafungua, unafunga, ndipo yeye anaachia. Mpatane maneno mapema, maana akiachia kabla hujafunga mnavuta upepo upya na kuanza kulaumiana. Mwambie pia asikanyage mpaka chini. Ndani ya masta silinda ya zamani kuna sehemu ambayo sili hazijapita miaka yote, ina uchafu na kutu, na kuzifikisha huko kunazichana. Masta silinda nyingi hufa siku ya kutoa upepo, na ndio hapo watu husema "ilikuwa nzima jana." Chupa ya mafuta ya breki isishuke chini ya alama wakati wote huo, na tone likidondokea rangi ya gari lioshe kwa maji hapo hapo.

Kuhusu mafuta yenyewe: yanafyonza unyevu wa hewani, na unyevu unashusha kiwango cha kuchemka. Ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke kabla ya nyuzi 205, yakishafyonza unyevu kiwango ni 140. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Ukiendesha kwa kasi milimani, kalipa inafika huko, mafuta yanachemka, mvuke unabanwa kama upepo na pedali inazama. Kwa hiyo chupa iliyofunguliwa mwaka jana na kukaa rafuni usiitumie. DOT 5 bila nukta-moja ni ya silikoni, kitu kingine kabisa, usiichanganye na hizo.

Na zile pedi za mashindano zirudishe. Zinataka joto ndipo zishike, na asubuhi ya kwanza kwenye makutano ya barabara hazina joto hilo. Pedi nzuri za barabarani, mafuta mapya na tairi zenye mpira hai zitakusimamisha mapema zaidi. Pedi mpya uzizoeshe: punguza mwendo kutoka kama 80 hadi 20 mara kadhaa bila kusimama kabisa, kisha tembea bila breki zipoe.

Rangi nyekundu sina neno nayo. Ilimradi hukupaka kwenye pini za kutelezea.

Rafiki yangu anakata springi kwa grainda, raundi moja na nusu, gari linashuka safi. Nifanye kwenye Toyota 86 yangu?

Hapana. Springi iliyokatwa haikai tena kwenye kikalio chake, tairi likining'inia inaweza kuhama, na shokapu inabaki na safari fupi mpaka inagonga stopa kila shimo. Kama unataka gari lishuke, nunua springi na shokapu zilizoundwa pamoja, kisha upeleke wili alaimenti. Jambo moja la kukusaidia: ukibadilisha mikono yenye bushi za mpira, usikaze bolti za mwisho gari likiwa limening'inia. Zikaze uzito wa gari ukiwa juu ya tairi. Bushi iliyokazwa hewani inakaa imejipinda maisha yake yote, na inachanika mapema.

RX-8 yangu inakula oili. Kila fundi anasema injini imekufa. Mama, niambie ukweli.

Kula oili peke yake hakumaanishi kifo, mwanangu. Injini hiyo ya rota ina pampu inayoingiza oili kidogo ndani kwa makusudi, ili kulainisha sili za kwenye ncha za rota. Ikiacha kabisa kula ndipo uwe na wasiwasi. Pima oili kila baada ya kujaza petroli mara mbili na uwe na lita moja kwenye buti.

Kinachoua ni mengine. Usiwashe ikiwa baridi ili kuisogeza mita tano na kuizima papo hapo. Petroli inalowesha plagi na kesho haitawaka. Koili za moto zikichoka, petroli isiyoungua inakwenda kuchoma kichujio cha ekzosi, nacho kikiziba joto linarudi kwenye injini. Ukiniuliza nikufungie nini kwanza kwenye RX-8, nasema koili mpya, plagi mpya na waya zake. Kompresheni ipimwe kwa kifaa cha injini za rota, kinachosoma kila uso wa rota peke yake. Aliyepima kwa kile cha pistoni hajakupa jibu. Na ikishapata moto sawasawa, ikanyage mpaka juu mara moja moja, haipendi kubembelezwa tu.

Ni kweli kwamba Skyline GT-R, Supra na NSX zote zilikuwa na nguvu za farasi 280? Na nikitoa kizuizi cha mwendo cha kilomita 180 kwa saa nitapata matatizo?

Kwenye karatasi, ndiyo. Watengenezaji wa Japani walikubaliana wao kwa wao wasitangaze zaidi ya 280 kwa soko la nyumbani. Mwanzo wake ni 1989, wakati wa Nissan Fairlady Z, na mwisho ni 2004, Honda ilipoitoa Legend yenye 300. Katikati hapo magari kadhaa yalitoka kiwandani na zaidi ya kilichoandikwa, GT-R ikiwa ya kwanza kutajwa. Kwa hiyo ukipima yako ukapata 280 kwenye mashine, usishangilie haraka. Huenda kuna iliyopotea.

Kizuizi cha 180 ni mambo ya kompyuta, kinatoka bila shida. Kabla hujakitoa, na ukitoe kwa ajili ya uwanja wa mashindano tu, soma ubavu wa tairi zako. Kuna tarakimu nne mwishoni mwa namba ya DOT (siyo ile ya mafuta ya breki), mbili za wiki na mbili za mwaka wa kutengenezwa. 2318 ni wiki ya 23 ya 2018. Kisha tafuta herufi ya mwendo inayofuata ukubwa wa tairi: H ni kilomita 210, V ni 240, W ni 270. Ukikuta S, hiyo ni 180 kamili, kiache kizuizi mahali pake mpaka ununue tairi nyingine.